Damu ya Dubu Haidanganyi

Kuna wasee husema wanasayansi wawache dubu wa barafu wapumzike. Kule Svalbard, Norwe, dubu hupigwa sindano ya usingizi kutoka kwa helikopta, halafu anatolewa damu. Ni kumsumbua, sikatai. Lakini dubu mgonjwa haendi hosi, na manyoya huficha mengi. Damu huonyesha kama amekaa njaa siku nyingi. Ndiyo pia ilionyesha amebeba PCB, sumu iliyokuwa kwenye mafuta ya transfoma za zamani. Nyingi ilifika huko na upepo na bahari kutoka nchi za mbali. Mkataba wa Stockholm wa 2001 uliipiga marufuku, lakini bado iko kwa damu yao. Bila sindano, ungejuaje? Mimi nasema wapimwe. Ubaya ni kupata majibu halafu tunyamaze.