Risala ya wakazi wa Kata ya Kizota kwa Mkuu wa Mkoa wa Dodoma kuhusu usalama wa watu kwenye makorongo, mabwawa na mito

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,
Waheshimiwa viongozi wa Jiji na wa Kata,
Wazee wetu na ndugu wananchi,

Sisi wakazi wa Kizota tunakushukuru kwa kukubali kutusikiliza. Miongoni mwetu wamo wauza samaki, waendesha bodaboda, mafundi ujenzi, wazazi, na vijana wanaopenda kwenda kuvua kwa ndoana siku za mapumziko. Neno letu ni moja. Mkoa huu umezoeleka kuwa wa ukame, kwa hiyo hatari ya maji haihesabiwi. Tunaomba ihesabiwe.

HALI ILIVYO

Mvua zetu ni chache, kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili. Miezi mingine yote korongo ni mchanga mtupu: watoto wanacheza mpira humo, ng'ombe wanapita, bodaboda zinakatiza kufupisha njia. Anayekulia ufukweni mwa ziwa huyasoma maji kila siku. Mtu wa Kizota hukutana nayo ghafla, tena mahali alipopita jana kwa miguu mikavu.

Maji hayo mara nyingi ni ya mvua iliyonyesha kwingine. Huku jua linawaka, kumbe huko juu imenyesha tangu asubuhi. Wazee wanazijua dalili: kijito chembamba hubadilika rangi kuwa tope, huanza kubeba vijiti, povu na majani makavu, kisha husikika mvumo kabla chochote hakijaonekana. Aliye ndani hapo anatakiwa kutoka upande ulio karibu naye, hata kama siyo upande aendako. Vijana wengi hawajafundishwa hilo. Wanachojua ni kuchomeka fimbo, na ikizama hadi gotini wanawasha pikipiki.

Fimbo inapima kina, haipimi kasi. Idara ya hali ya hewa ya Marekani huwafundisha raia wake kwamba maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kubeba gari dogo. Kwetu dereva wa bodaboda huingia kwenye maji ya gotini akiwa amepakia wanafunzi wawili.

KERO ZETU

Mheshimiwa, kero ya kwanza ni mashimo ya mchanga. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, ujenzi haujapumzika. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 katika Jiji hili. Nyumba zinataka mchanga, na mchanga unatoka kwenye makorongo. Tipa zikishaondoka, mashimo hubaki wazi. Mvua ikinyesha yanajaa, na juu yake maji hutulia na kuonekana ya kuogelea. Kingo zake ni wima na zinameguka, hivyo mtoto akiteleza hana pa kushika. Maji hayo yakikaa hadi yakaota majani na kuingia konokono, huweza kuleta kichocho.

Kero ya pili ni Mtera. Perege na kambale tunaouza wengi hutoka huko, na ndugu zetu wanavua huko. Bwawa lile lilijengwa kwa ajili ya umeme, na maji yake hupanda na kushuka kati ya mita 690 na 698.5 kutoka usawa wa bahari. Tofauti hiyo ya mita 8.5 ina maana kubwa kwa mwenye mtumbwi. Ndani ya bwawa kuna miti iliyokufa ikiwa imesimama. Maji yakiwa mengi, chombo hupita juu ya visiki. Yakipungua, visiki vilevile hukaa kiganja kimoja chini ya maji, havionekani, na vinapasua ubao. Mahali palipokuwa salama mwezi wa Mei si lazima pawe salama Oktoba. Upepo nao hukaza mchana, na kwa kuwa uwanda wa maji ni mpana, mawimbi huwa mafupi na ya kufuatana upesi, yakiingiza maji kwenye mtumbwi uliojaa samaki. Ongeza mamba na viboko. Bado watu wanaingia majini bila jaketi za kujiokolea.

Kero ya tatu: hatujui pa kuuliza. Kinyasungwe humwaga maji yake upande wa Wami. Ruaha Mkuu hupitia Mtera kwenda Rufiji. Mto Bubu huishia kwenye mbuga ya Bahi bila kufika baharini. Mkoa mmoja umegawanyika katika mabonde matatu yenye bodi tatu za maji. Vipimo huchukuliwa, lakini havimfikii mvuvi wala mwenye bodaboda. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, walisema wahenga. Sisi tunayafika kila msimu na bado hatuujui.

MAOMBI YETU

Kwa heshima, tunaomba yafuatayo yatekelezwe kabla ya mvua za Desemba:

1. Kila daraja mfuto na kivuko cha korongo ndani ya Jiji kiwekwe nguzo ya kupimia iliyopakwa rangi, nyekundu ikianzia sentimita 15, pamoja na maandishi yanayokataza kuvuka.

2. Anayepewa kibali cha kuchimba mchanga afukie shimo au alaze kingo zake kabla hajaondoka, na kibali kipya kisitolewe mpaka ofisi ya kata ithibitishe.

3. Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo tayari hutoa angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, iyataje kwa jina mabwawa ya Mtera na Hombolo na mbuga ya Bahi katika taarifa za upepo na mvua kubwa.

4. Bodi za mabonde zitoe kina cha maji kila wiki kupitia redio za Dodoma, kwa Kiswahili na kwa Kigogo, na kila siku wakati wa masika.

5. Jaketi za kujiokolea ziwe sharti la kila chombo Mtera, na wavuvi wakopeshwe kupitia vikundi vyao badala ya kutozwa faini tu.

6. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lifundishe shuleni namna ya kuelea, kumrushia anayezama kamba au dumu tupu bila kumfuata majini, na kupiga 114.

Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai kuwa Siku ya Kuzuia Vifo vya Kuzama Duniani. Tunaomba kila mwaka siku hiyo tusomewe hadharani hapa Kizota yaliyotekelezwa na yaliyobaki. Kwa upande wetu tuko tayari kutoa nguvukazi ya kusimamisha nguzo na kulinda mashimo yasichimbwe upya.

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, mengi katika haya yanahitaji rangi, zege na tangazo la dakika mbili. Hayahitaji kusubiri bajeti ya mwaka mwingine.

Tunaomba kuwasilisha.

Wakazi wa Kata ya Kizota, Dodoma