Petroli ndani ya chupa ya fanta

Mugunga petroli ya taa bado inapimwa ndani ya chupa ya fanta. Mtoto wa miaka miwili ana kiu, anakunywa. Kisha majirani wanamuita mama yake mzembe. Mzembe namna gani? Pasipo kabati wala meza, kila kitu kinakaa chini juu ya mawe ya volkano. Wa kulaumiwa kwanza ni anayeuza sumu ndani ya chupa ya kinywaji. Hata aromu ya mandazi, ambayo mara nyingi ina pombe, inahamishwa vilevile.

Halafu wanakuja wenye mawese na maziwa, eti mtoto atapike. Hapana! Petroli inaua hasa ikiingia mapafuni, na kutapika kunaipeleka huko. Msimtie kidole kooni. Mvueni nguo zilizolowa, osheni ngozi kwa maji na sabuni. Akilegea, mlazeni ubavu. Mkimbizeni kituo cha afya pamoja na chupa yenyewe, hata kama anacheza, kwani kikohozi na homa vinaweza kuja saa kadhaa baadaye.

Wanaokusanya kodi ya soko kila asubuhi wanaziona chupa hizo. Wazikataze kesho.