Nzi kwenye chupa, sio herufi ubaoni

Muulize mwanafunzi yeyote wa ualimu wa baiolojia hapa chuoni ule uwiano wa 3:1 aliuona wapi. Ubaoni. R kubwa, r ndogo, kisanduku chenye vyumba vinne, basi. Tulifundishwa hivyo sekondari, tunafundishwa hivyo chuoni, na kwenye mazoezi ya kufundisha tunaenda kuwamwagia watoto wa watu hivyo hivyo. Mimi nasema kabla hatujapewa shahada, kila mmoja wetu awe amefuga nzi wa matunda na kuwahesabu kwa macho yake.

Nasikia mnaguna. Simsemi yule anayeharibu maembe ya wakulima. Huyo ni wa familia nyingine, jina tu ndilo linachanganya. Namsema yule mdogo mwenye macho mekundu anayezunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Kitaalamu ni Drosophila melanogaster, na asili yake ni Afrika hii hii, ingawa sifa zake nyingi zimeandikwa ng'ambo.

Mwaka 1910, Thomas Hunt Morgan wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alipata dume mmoja mwenye macho meupe, akampandisha na majike wenye macho mekundu. Katika kizazi cha pili alihesabu majike wekundu 2,459, madume wekundu 1,011, madume weupe 782. Jike mweupe hata mmoja hakuna! Hapo ndipo ilipoonekana kwamba jeni ile inasafiri na kromosomu ya X. Tena angalia 782 na 1,011: ubao ungesema zilingane. Mwalimu aliyewahi kuhesabu chupa hawezi kumwambia mwanafunzi kuwa namba hutoka sawasawa kila siku.

Na maabara yenyewe ilikuwa chupa za maziwa na ndizi. Ramani ya kwanza ya jeni kwenye kromosomu aliichora Alfred Sturtevant, mwanafunzi wa shahada ya kwanza kama sisi, kwa usiku mmoja, huku kazi zake za darasani zikimsubiri. (Mhadhiri asijue nimewaambia hili.)

Lakini kinachonivutia zaidi ni Heidelberg, Ujerumani, mwishoni mwa miaka ya 1970. Yai moja linajuaje kichwa kikae wapi na pingili ziwe ngapi? Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus waliwalisha madume kemikali inayoharibu jeni, kisha wakakaa wawili kwenye hadubini moja wakikagua vizazi vyao vilivyokufa kabla ya kuanguliwa. Vingine vilikosa pingili moja katika kila mbili. Vingine vilijaa vijimiba, na jeni iliyohusika wakaiita hedgehog, yaani kalunguyeye. Jeni hiyo ina ndugu zake kwa binadamu. Njia yake ikiwaka isipotakiwa huleta aina moja ya saratani ya ngozi, na mwaka 2012 Marekani iliidhinisha dawa ya kuizima. Wawili hao walipata Nobel 1995 pamoja na Edward Lewis. Sasa kama hadithi hiyo haimwamshi mtoto wa kidato cha nne mchana wa saa nane, sijui ipi itamwamsha.

Mtasema hela hakuna. Hela ipi? Chupa ya jemu, ndizi, hamira kidogo, pamba ya kuziba mdomo. Kutoka yai hadi nzi kamili ni kama siku 10 kwenye nyuzi joto 25. Ukitaka kuwahesabu, weka chupa kwenye barafu walale. Lenzi ya mkono inatosha: dume ni mdogo, na ncha ya tumbo lake ni nyeusi.

Ugumu upo, ila sio huo. Nzi wa mtaani wana macho mekundu. Wenye macho meupe lazima idara iwaombe kwenye maabara zinazowatunza, na hiyo ni barua na vibali. Halafu joto. Chupa ikishinda kwenye nyuzi 30 madume huwa tasa, na vyumba vyetu mnavijua. Ziwekwe sakafuni, kona yenye kivuli, mbali na dirisha.

Barua kwa idara nimeshaiandika, anayetaka kutia saini aje ofisi ya chama. Anayetaka kuanza leo aweke ndizi inayonuka kwenye chupa, aiache wazi jioni moja, kisha azibe.