Hedifoni ikizima, inua mkono papo hapo

Umechanga doo miezi kadhaa ulipie IELTS. Katikati ya sehemu ya kusikiliza, hedifoni inakwaruza, kisha inanyamaza. Unajiambia, wacha tu, nitakata rufaa matokeo yakitoka. Hapo ndipo wengi hukwama.

Una wiki 6 kutoka siku ya mtihani kuomba usahihishaji upya. Unalipia, na ada hurudishwa alama zikibadilika. Lakini msahihishaji wa pili anaangalia majibu uliyoacha, basi. Swali uliloruka kwa sababu hukusikia kitu, kwake ni swali ulilokosa. Mashine mbovu haionekani kwenye karatasi ya majibu.

Kwa hivyo usione haya. Mwite msimamizi pale pale, na usitoke kituoni kabla malalamiko yako hayajaandikwa.

Hata hivyo, mzigo huu haufai kuwa wa mtahiniwa peke yake. Nesi anayetaka kusajiliwa Uingereza kwa IELTS anahitaji 7 kwenye kusikiliza. Akipata 6 kwa sababu ya waya uliokatika, safari imesimama na ada nyingine inamngoja. Kituo ndicho chenye mashine, na ndicho kinachoweza kujua ilizima saa ngapi. Basi kimpe mtahiniwa nakala ya ripoti ya hitilafu kabla hajaenda nyumbani, na kurudia mtihani bila malipo kuwe haki yake, si fadhila ya meneja.

Ada tunalipa kamili, jameni. Angalau tusikie swali.