Mwanao anapotaka kuishi kwa karata

Mama mmoja wa mtaa wa Shabab, Nakuru, amenieleza jambo linalomkosesha usingizi. Mwanawe, aliye mwaka wa pili chuoni huko Njoro, amemwambia kwamba amechoka na masomo. Anataka kuwa mcheza poka wa mashindano, iwe ndiyo kazi yake.

Mama alidhani ni mzaha. Poka anayoijua yeye ni ile ya vijana wa mtaani, ya kumchotesha mwenzako karata kwa mbili au tatu, na kusema “niko kadi” kabla ya kumaliza. Hiyo mtu hupoteza soda tu.

Poka ya kijana ni nyingine. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, tano zikafunuliwa mezani, na watu wakaweka dau wakikisia mwenzao ameshika nini. Ustadi upo, sikatai. Kuna hesabu, kuna kusoma uso wa mtu, na kuna kujua wakati wa kutupa karata.

Na kijana ana mfano wake. Mwaka 2003 mhasibu wa Tennessee, Marekani, aitwaye Chris Moneymaker (naam, ndilo jina lake halisi!) alilipa dola 86 katika mchujo wa intaneti, akafuzu kuingia World Series of Poker jijini Las Vegas, ambako kiingilio ni dola 10,000. Aliwabwaga wenzake 838 akapata dola milioni 2.5.

Sasa tuhesabu pamoja. Mwaka 2023 viingilio vilikuwa 10,043, yaani zaidi ya dola milioni 100. Waandaaji walikata chao kwanza, zikabaki kama milioni 93 za zawadi. Bingwa alipata milioni 12.1, na picha yake ikaenea kila mahali. Waliopata chochote ni 1,507. Wengine 8,536 walirudi makwao mikono mitupu, wazoefu wa miaka mingi wakiwamo, na hakuna aliyewapiga picha.

Tena zile orodha za mapato ambazo vijana huonyeshana huandika zawadi tu. Hazitoi viingilio vilivyopotea, nauli wala hoteli. Wala hazisemi pesa zilikuwa za nani. Stu Ungar alitwaa ubingwa huo mara tatu, mwaka 1980, 1981 na 1997. Mara ya tatu hakuwa hata na kiingilio. Alilipiwa na Billy Baxter, na ile zawadi ya dola milioni moja wakaigawana nusu kwa nusu. Novemba 1998 Ungar alikutwa amekufa katika chumba cha hoteli ya bei nafuu papo hapo Las Vegas, akiwa na umri wa miaka 45. Marafiki walichanga ili azikwe.

Nilimshauri mama asimfokee mwanawe. Amwombe daftari la miezi sita iliyopita, lenye tarehe, kiingilio na alichopata, hata kama ni michezo ya shilingi hamsini kwenye simu. Anayesema hii ni kazi hawezi kukosa daftari.

Mama alinyamaza kidogo. Kisha akaniambia kwamba karo ya muhula huu alimpa mkononi.