Trekta la theluji likifika mlangoni, mtoto awe ndani

Wazazi wengi wanaohamia Canada kutoka Afrika Mashariki na Kongo hujiandaa kwa baridi. Hununua makoti mazito, glavu na buti za watoto, na husikiliza ushauri wa waliotangulia kuhusu ngozi kukauka na mafua yasiyoisha. Lakini ipo hatari moja ya majira hayo ambayo haitajwi sana wakati wa kufungasha mabegi, nayo ni mashine inayoingia uani alfajiri kuondoa theluji.

Katika jimbo la Quebec, ambako familia nyingi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda zimeweka makazi kwenye miji kama Montreal, Gatineau na Sherbrooke, kazi hiyo mara nyingi hufanywa na trekta. Kaya hulipia huduma ya msimu mzima. Theluji ikianguka, trekta huja, husafisha njia ya gari kwa dakika chache, kisha huenda nyumba ya jirani. Mara nyingi wenye nyumba hawajaamka, na dereva hamjui mtu yeyote aliyemo ndani.

Kwa nini trekta na si koleo?

Montreal hupata wastani wa takriban mita 2 za theluji kwa mwaka, na Quebec City takriban mita 3. Tuchukue njia ya gari yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6. Ikifunikwa na theluji ya sentimita 20, hiyo ni mita za ujazo 12. Hata theluji nyepesi iliyotoka kuanguka huweza kuwa na uzito wa kilo 100 kwa kila mita ya ujazo, hivyo mwenye koleo ana zaidi ya tani moja ya kuhamisha kabla ya kwenda kazini. Theluji yenye maji ni nzito mara kadhaa ya hapo.

Mzigo huo una athari kwa moyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Chama cha Madaktari cha Canada, uliotumia kumbukumbu za Quebec za kuanzia mwaka 1981 hadi 2014, ulionyesha kuwa wanaume walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kulazwa au kufariki kwa mshtuko wa moyo siku iliyofuata baada ya theluji nyingi kuanguka. Watafiti walishuku kazi ya koleo. Kwa baba mwenye shinikizo la damu, au babu aliyekuja kuishi na wajukuu, kumlipa mwenye trekta ni uamuzi wa kiafya kama ulivyo wa kimapato.

Mashine inavyofanya kazi

Mashine ya kurusha theluji ni sanduku la chuma lenye mdomo mpana. Mdomoni kuna parafujo kubwa inayokata theluji na kuikusanya katikati. Nyuma yake kuna feni yenye mapanga ya chuma, ambayo huidaka theluji hiyo na kuirusha juu kupitia bomba ambalo dereva huligeuza upande anaotaka. Sanduku hilo hufungwa nyuma ya trekta, kwenye mikono ileile ambayo mkulima wa Morogoro au Uasin Gishu hufungia jembe la kulimia.

Mashine za kufungwa nyuma ziko za aina mbili. Ya kwanza mdomo wake hutazama nyuma, kwa hiyo dereva hulazimika kuendesha kinyumenyume muda wote huku shingo imegeuka. Ya pili ni ya kuvuta. Mdomo wake hutazama mbele, upande wa trekta, na dereva huendesha kama kawaida huku mashine ikikusanya theluji nyuma ya matairi. Kwa mtu anayepita nyumba nyingi usiku mmoja, hiyo ni nafuu kubwa ya shingo na mgongo. Kasoro yake ni kwamba matairi huishindilia theluji kabla haijaondolewa.

Faida kubwa ya mashine ya kuvuta huonekana mlangoni. Dereva huinyanyua, hurudi nyuma hadi karibu na mlango wa banda la gari, huishusha, kisha huvuta kuelekea barabarani. Theluji iliyojazana mlangoni huondoka bila kusukumwa ukutani.

Hatari ya kurudi nyuma

Hapo ndipo mzazi anapaswa kuwa makini. Ili mashine ivute, lazima kwanza trekta lirudi nyuma kuelekea nyumba. Wakati huo sanduku pana la chuma limenyanyuliwa nyuma ya dereva na kumziba sehemu ya anachohitaji kuona. Mara nyingi bado ni giza, theluji inaanguka na vioo vina ukungu. Mtoto wa miaka minne hafiki hata usawa wa dirisha la trekta.

Mtoto naye yuko katika hali ngumu ya kujihami. Kofia imeziba masikio, kola ya koti imepunguza anachoona pembeni, na buti nzito hazimruhusu kukimbia. Tena siku ya theluji nyingi shule huweza kufungwa, hivyo watoto wako nyumbani na wana hamu ya kutoka. Taa zinazomulika na theluji inayoruka angani huwavutia kama sherehe.

Kwa sababu hiyo kanuni ya kwanza ya nyumba iwe fupi: trekta likisikika, kila mtoto yuko ndani, mlango umefungwa, na mtu mzima mmoja anajua kila mtoto alipo. Hakuna anayetoka mpaka trekta limeondoka kabisa. Kusimama tu hakutoshi, kwa kuwa dereva anaweza kuwa anabadilisha gia ili arudi tena. Mwenye haja ya kuzungumza na dereva amsubiri pembeni, mahali anapoonekana, hadi mashine izimwe.

Vijiti na vitu vilivyofukiwa

Kabla ya majira ya baridi, wenye matrekta hupanda vijiti vyenye rangi inayong'aa kando ya njia ya gari. Vijiti humwonyesha dereva mpaka wa njia pale kila kitu kitakapokuwa cheupe. Mzazi anaweza kuvitumia kumfundisha mtoto kwamba katikati ya vijiti ni njia ya mashine, wala si uwanja wa michezo. Visihamishwe na visigeuzwe fimbo za kuchezea.

Jioni ya kuamkia theluji, mtu mzima azunguke uani. Gari dogo la kuchezea, fimbo ya magongo, waya wa umeme, zulia la mlangoni au jiwe, vyote vikifukiwa huwa mtego. Mashine huweza kukirusha kitu kigumu mbali na kwa nguvu ya kuvunja dirisha au kumjeruhi mtu. Kikikwama, huvunja boliti maalumu iliyowekwa ili ikatike kabla mashine yenyewe haijaharibika.

Mkono usiingie mdomoni

Kwa familia yenye trekta lake, hasa za vijijini, kukwama kwa mashine ndiko huleta majeraha ya mikono. Theluji yenye maji huganda ndani ya bomba, na mtu hushawishika kuitoa kwa mkono huku injini inanguruma. Utaratibu salama ni huu: kata mzunguko wa mashine, zima injini, toa ufunguo, subiri kila kitu kisimame kabisa, kisha tumia kijiti. Mkono usitumike hata kama feni inaonekana imetulia.

Kati ya trekta na mashine kuna shafti inayozunguka, mara nyingi kwa kasi ya mizunguko 540 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 9 kwa sekunde moja. Skafu au kamba ya koti ikinaswa, mtu hana muda hata wa kupiga kelele. Wazazi wa vijijini Afrika Mashariki wanaifahamu shafti hiyo, kwa kuwa ndiyo inayozungusha mashine za kupukuchua mahindi zinazofungwa kwenye trekta. Iwe kwenye mahindi au kwenye theluji, kifuniko chake kisiondolewe, na mtoto asikaribie wala asipakiwe kwenye trekta.

Kidole kikikatika, mtu mzima abane jeraha kwa kitambaa safi na kupiga simu 911. Kipande kilichokatika kifungwe kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kiingizwe kwenye mfuko wa plastiki uliozibwa, na mfuko huo uwekwe juu ya barafu. Kipande chenyewe kisiguse barafu.

Baada ya trekta kuondoka

Theluji iliyorushwa hutengeneza vichuguu virefu kando ya njia, na watoto hupenda kuvichimba mapango. Pango huweza kuporomoka na kumfukia mtoto. Likiwa karibu na barabara, mashine inayofuata inaweza kulikata au kulirundikia theluji bila dereva kujua kuna mtu ndani. Kuchimba kufanyike nyuma ya nyumba, mbali na barabara na njia ya gari, na mtu mzima akiwapo.

Jambo la mwisho ni hewa. Theluji iliyorushwa ukutani huweza kuziba bomba la kutolea moshi wa mtambo wa kupasha nyumba joto, au la gari lililoegeshwa. Hapo gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, hujikusanya ndani. Wote nyumbani wakianza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa wakati mmoja, watoke nje na kupiga simu 911. Kila nyumba iwe na kifaa cha kutambua gesi hiyo, na baada ya kila theluji nzito mabomba yakaguliwe.

Familia inayohamia nyumba mpya msimu huu inaweza kuanza na hatua mbili. Ya kwanza ni kumpigia simu mwenye trekta na kumwambia kuwa nyumba hiyo ina watoto wadogo, na wana umri gani. Ya pili ni kukaa na watoto hao dirishani siku trekta litakapokuja mara ya kwanza, walitazame wote likirudi nyuma hadi mlangoni, na kila mmoja aeleze kwa maneno yake kwa nini yeye yuko ndani.