Faini Isiyomuuma Mwajiri

Sheria za kazi hutungwa ili kumlinda mnyonge, na faini huwekwa ili mwenye nguvu aogope kuzivunja. Je, kampuni kubwa huziogopa? Tutazame tukio moja lililofika mahakamani.

Tarehe 5 Aprili 2010 mgodi wa makaa ya mawe wa Upper Big Branch, katika jimbo la West Virginia nchini Marekani, ulilipuka na kuua wachimbaji 29. Ulikuwa mali ya Massey Energy. Wala serikali haikuwa imeusahau: mwaka 2009 pekee wakaguzi waliuandikia makosa zaidi ya 500, na faini zikafuata. Kampuni ilizipinga nyingi kwa rufaa, na huku mashauri yakisubiri, makaa yaliendelea kutoka. Walinzi wa getini walipomwona mkaguzi waliwapasha habari walio chini, ili mambo yatengenezwe kabla hajawafikia. Mapato ya kampuni mwaka ule yalizidi dola bilioni 2. Kwa mwenye hesabu hiyo faini ni gharama kama mafuta ya mtambo. Huandikwa daftarini, kazi ikaendelea.

Baada ya msiba, mwaka 2011, ilikuja faini ya dola milioni 10.8. Wakati huo Massey ilikwisha kununuliwa na kampuni nyingine! Aliyekuwa mtendaji mkuu, Don Blankenship, alitiwa hatiani mwaka 2015 kwa kula njama ya kuvunja kanuni za usalama, si kwa vifo vile. Alipewa kifungo cha mwaka mmoja, na huo ndio uliokuwa upeo wa kosa hilo.

Hatusemi faini zifutwe. Mwenye karakana ndogo huzihofu kweli, kwani hutoka mfukoni mwake. Mkubwa huhofu zaidi jina lake. Idara ya usalama kazini ya Marekani ilianza mwaka 2009 kuwatangaza magazetini waliotozwa faini kubwa. Mtafiti Matthew Johnson alionyesha mwaka 2020 kwamba tangazo moja liliwarekebisha waajiri wa jirani kwa kiasi ambacho kingehitaji ukaguzi 210.

Wanazuoni wetu nao hawakutegemea fedha peke yake. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, anapoeleza hisba anampa muhtasibu mamlaka ya kumzuia mwajiri anayempunja mwajiriwa ujira wake au kumzidishia kazi. Kumzuia, ndugu zangu, si kumtoza na kumwacha aendelee.

Marekani yenyewe ilisogea upande huo baada ya kuzika watu 29. Kanuni ya migodi ya mwaka 2013 iliruhusu mgodi wenye mazoea ya makosa makubwa uwekwe chini ya amri kali bila kungoja rufaa zimalizike: kila kosa jipya la hatari likionekana, wafanyakazi waondolewe mahali hapo hadi lirekebishwe. Makaa yasipotoka, hasara huanza siku ileile, na hakuna wakili awezaye kuiahirisha.